Mtungi Uliozikwa Nyuma ya Nyumba ya Mchungaji

Dada yangu Sunja,

Barua yako imenifikia, nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Unasema huko Amerika, katika kanisa la Wakorea wenzenu, hakuna anayekuita kwa jina. Wewe ni mke wa mchungaji tu. Unapikia watu wote chakula cha Jumapili, unakula wa mwisho, na ukivaa gauni jipya wanauliza limetoka wapi. Unasema siku hizi hata nyumbani umeacha kuongea. Hiyo imeniuma, Sunja. Imenikasirisha pia, kwa hivyo nivumilie.

Unakumbuka mlivyofika hapa Isiolo kutoka Korea, miaka ya sabini ikielekea kwisha? Mume wangu alikuwa msaidizi wa mumeo, akingoja kuwekewa mikono awe mchungaji kamili, na wazee wa kanisa walikuwa wamenionya kwamba mke wa mtumishi wa Mungu hana mdomo. Nikaufunga kweli, mimi, msichana wa Meru! Watu waliniita Mama Mchungaji hata kabla mume wangu hajawa mchungaji. Siku moja tukikatakata kabeji jikoni kwako, ukaniuliza kwa kile Kiswahili chako cha neno moja moja, "Wewe, jina nani?" Nikaweka kisu chini nikakujibu. Karimi. Hakuna aliyekuwa ameniuliza tangu niolewe.

Kabeji ile tuliitia chumvi, pilipili, tangawizi na kitunguu saumu, tukaishindilia ndani ya mtungi, na kwa sababu ya joto la Isiolo ukauzika nyuma ya nyumba. Ulisema ndivyo mama yako alivyofanya kwenu. Mimi sikuona ubaya. Kumbe kuna mtu alikuona ukifukia.

Wacha! Kufikia Jumatano uwanja ulikuwa umejaa. Wazee watatu na jembe, akina mama wa ushirika nyuma yao wakinong'ona mambo ya uchawi. Waume zetu walikuwa wameenda kijiji cha Kipsing kwa ibada. Mzee mmoja alisema wazi kwamba barua itaandikwa kwa wakubwa wa kanisa, mhamishwe. Mtungi ukafukuliwa, kifuniko kikatolewa, na ile harufu, haki ya Mungu, nusu ya ushirika ilitimua mbio! Wewe ulisimama mlangoni, umeinamisha kichwa, umekunja mikono mbele, kama ulivyofundishwa. Hukusema neno.

Na mimi sikusema. Hilo sijawahi kukuambia vizuri. Nilijua kilichomo, vidole vyangu bado vilikuwa vinawashwa na ile pilipili, lakini nilinyamaza nikimfikiria mume wangu na kule kuwekewa mikono kwake. Nisamehe. Kisha nikakumbuka ulivyoniuliza jina langu. Nikaenda, nikachota kwa mkono, nikala mbele yao.

"Ni kabeji! Nimeikata mimi mwenyewe. Na huyu anaitwa Sunja, sio mchawi."

Mama Halima, jirani yetu Msomali aliyekuwa akichungulia juu ya ua, akaomba aonje. Akatafuna, akafikiri. "Wallahi, hii ni achari! Mnasumbua mama wa watu kwa sababu ya achari?" Mzee mwenye jembe ndiye aliyecheka kwanza.

Mume wangu alicheleweshwa mwaka mzima kwa sababu mkewe ana mdomo. Alinuna, siwezi kudanganya. Lakini mikono aliwekewa, na mdomo sikuufunga tena. Siku hizi mimi ndiye ninayesimama kuongea kwa mikutano ya ushirika, na akiletwa mke wa mchungaji mgeni, namuuliza jina lake kabla ya kumpa chai.

Sasa wewe. Jumapili hii usiinuke kuosha sufuria kabla hujala. Keti. Mwambie mama aliye karibu nawe jina lako. Akishangaa, mwache ashangae, hatakufa.

Huku, wale akina mama waliotimua mbio sasa kila mmoja ana mtungi wake. Hata Mama Halima anao. Wanakula na nyama ya mbuzi. Jina la Kikorea la hiyo kabeji liliwashinda, kwa hivyo wanaiita sunja tu. Jumamosi tulikuwa na harusi, nikamsikia yule yule mzee wa jembe akipiga kelele na sahani mkononi: "Ai, nani amemaliza sunja?"

Mimi, dada yako wa jikoni,
Karimi