Zamu ya Maji ya Gregori

Vudee, Same
9 Oktoba 1983

Mpendwa Kaka Zebedayo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe, wifi Veneranda na watoto. Huku tunapumua. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anagombana na kuku wake kama kawaida. Sukari tumeisahau ladha yake, na sabuni ndiyo usiseme.

Sabuni hiyo hiyo ndiyo iliyomponza ndugu yetu Gregori. Tangu wamchukue dukani kwake Same mwezi wa nne, eti anaficha bidhaa, hajafikishwa mbele ya hakimu yeyote. Juzi nilishuka na mkewe, Lukia, kuuliza atatoka lini. Tulikalishwa kwenye benchi mpaka jua likageuka. Ndipo ofisa akatuambia, bila kuinua macho, kwamba Gregori hakufungwa, amewekwa kizuizini, na amri ya kizuizini haina muda. Kaka, fikiria! Hakufungwa, ila hatoki!

Sasa sikia yaliyotupata huku mlimani. Jana ulikuwa msaragambo, kijiji kizima kutoa tope kwenye ndiva, ili bwawa letu la kumwagilia liwe tayari kwa vuli. Desturi unaijua: nyumba isiyotoa mwanamume inapoteza zamu ya maji, na mwanamke haingii ndani ya ndiva. Mgonjwa au mfungwa huwekewa zamu yake, mradi wazee waambiwe atarudi lini. Salimu aliyeiba mbuzi kahukumiwa miaka miwili, na zamu yake ipo, maana mkewe anajua ni masika gani atampokea. Mwizi ana tarehe! Gregori ambaye hakuna aliyethibitisha kosa lake hana, kwa hiyo mahindi yake yakauke? Nilikwisha fungua mdomo niwaambie wazee maneno yasiyofaa, mama akanivuta khanga.

Mzee Zefania, msimamizi wa ndiva, alimuuliza Lukia kwa upole wamngojee mumewe mpaka lini. Lukia, yule mnyamavu unayemjua, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Nimewauliza wenyewe kule chini, hawakunipa siku," alisema. "Kama wao wanamshika bila mwisho, nanyi mshikieni maji yake bila mwisho."

Mzee Zefania akachukua jembe, akashuka kwenye tope, akachimba sehemu ya Gregori kwa mikono yake, na uzee ule. Jumatano maji yataingia shambani kwake kama kawaida.

Lakini hatuwezi kumchimbisha mzee kila mwaka. Omba likizo uje, kaka. Na ukifika, tushuke wote tukawaulize tena. Mimi nikienda peke yangu nitawatukana, nami niwekwe huko huko.

Mama anakusalimu, na Lukia, na mjomba Eliamini. Mungu akulinde njiani, akupe siku ya kuondoka na siku ya kurudi.

Dada yako akupendaye,
Dorkas