Mkono Wangu na Sauti ya Kabula

Jumanne, 2 Julai 1996
Umeme umerudi saa nne. Nimefuta vumbi, nimesafisha kichwa cha tepu kwa spiriti. Kwaya ya Tinde wamerekodi nyimbo mbili, ya tatu umeme ukakatika tena. Shenzi kabisa.

Jioni umeme ukarudi, Kabula kaja kujaribu wimbo wake, nikamrekodi. Kama kawaida yake: anaanza chinichini mpaka unategesha sikio, halafu anapaza ghafla, mshale wa kipimo cha sauti unaruka kwenye nyekundu na sauti inakwaruza. Ndiyo maana miaka yote nasimama mbele yake. Nikiinua mkono, anarudi nyuma ya maiki. Nikiushusha, anasogea. Haniondolei macho mpaka wimbo uishe. Leo nimechelewa kuinua, kwenye kiitikio. Nilikuwa namtazama. Mjinga mimi.

Alhamisi, 4 Julai
Bwana Karim anafunga duka lake la redio, anahamia Mwanza kwa mwanawe. Kaniita, kanipa mashine kuukuu, nzito, ndani ina taa kama redio za zamani. Kazi yake kubana sauti. Kelele inaishusha, mnong'ono inaupandisha, yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Nikauliza bei. "Chukua bure, Masanja, inanijazia stoo tu." Bure! Nimeifunga kwenye baiskeli kwa mpira, nikaisukuma kwa miguu mpaka studio. Sasa Kabula apaze atakavyo.

Jumamosi, 6 Julai
Washenga wa mnunuzi wa dhahabu wa Katoro wamefika kwa kina Kabula. Ng'ombe wameafikiwa. Anaolewa wiki ijayo, anahamia huko. Nimeyasikia sokoni kwa muuza nyanya, si kwake.

Miaka yote namwinulia mkono, neno moja limenishinda. Jumatatu anakuja kurekodi mara ya mwisho. Nitamwonyesha. Asiponitaka, basi, lakini ajue.

Jumatatu, 8 Julai
Kaja na mama yake. Shikamoo, marahaba, nikawaagizia soda. Mbele ya mama mtu ningesema nini? Lakini nilishapanga. Ubeti wa mwisho, akiwa ananitazama, nauweka mkono kifuani. Hakuna ishara yangu asiyoielewa.

Nikawasha ile mashine. Nilitaka sauti yake itoke safi kuliko siku zote. Nikamwambia leo aimbe tu, mashine itamshika yenyewe.
"Kwa hiyo sikuangalii?"
"Hakuna haja."

Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Akafumba macho. Akaimba ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho amefumba macho, anatabasamu. Na mimi nimesimama mbele yake, mkono kifuani. Mama yake ndiye aliyeniona. Akaniuliza kama kifua kinaniuma. Nikasema vumbi.

Ningemwambia arudie. Arudie nini? Haikuwa na kasoro hata moja. Akasema, "Kaka Masanja, sijawahi kuimba kwa raha hivi. Wabeja." Shukrani ya Kisukuma, ya nyumbani kabisa. Na kaka. Wakamaliza soda, wakaenda.

Ijumaa, 12 Julai
Kaondoka leo, kwa gari la bwana harusi. Sikwenda kuaga. Nimeichomoa mashine nikitaka kuitupa nje, nikairudisha mezani. Ina kosa gani? Nimelia. Mwanamume mzima, nimelia mpaka kwikwi.

Jumapili, 14 Julai
Umeme upo tangu asubuhi. Nimesikiliza kaseti ya Jumatatu. Safi mno. Sauti iko palepale mwanzo hadi mwisho, hujui kama mwimbaji anasogea au anarudi.

Nikaweka ile ya majaribio, ya Jumanne ile. Nilikuwa niifute. Kwenye kiitikio inakwaruza vibaya, pale nilipochelewa. Halafu sauti inaenda mbali kidogo. Hapo mkono umeinuka, kauona, karudi nyuma. Nimeirudisha hapo mara nyingi.

Kesho kwaya ya Mhunze. Wanapenda kuja na kaseti pungufu, nami huwapa yoyote iliyo mezani. Hii ya majaribio nimeivunja vile viplastiki vya mgongoni, mtu asije akarekodi juu yake.