Samadi ya Shamba la Juu

Tukuyu, 9 Julai 1955

Baba Ikupa,

Salamu zikufikie huko mgodini. Sisi hatujambo, na Ikupa ameota meno mawili.

Lile shamba la juu, ambalo kaka yako Saulo alinipa akisema limechoka, nililibebea samadi ya zizini kwa kichwa msimu mzima. Mahindi yamezaa hadi majirani wanakuja kutazama. Juzi Saulo naye akaja.

“Shemeji, shamba hili sasa nalitaka.”

Nikamjibu, “Ulinipa udongo uliokufa, shemeji. Huu ulio hai nimeutengeneza mimi.”

Aliondoka bila kuaga. Nasikia amepeleka shauri kwa chifu, nami nitakwenda kujibu mwenyewe. Wewe niandikie neno moja tu: uko upande wangu?

Mkeo,
Tusekile