Lesi ya Gauni la Somoe

Mjukuu wangu Fatu,

Hapa Kitaya hatujambo. Kikohozi cha babu yako kimepungua, na mbaazi zimeanza kutoa maua. Mwandiko ni wa mdogo wako Zuhura, maneno ni yangu.

Unauliza kama uache kushona, kwa kuwa mwalimu aliusifia ushonaji wako huku akicheka. Nilipokuwa msichana, nilimshonea dada yangu Somoe lesi kwenye gauni la Idi. Kitenge kilifanana pande zote mbili, nikaishona lesi yote kwa ndani. Asubuhi ya Idi nikalia. Somoe akaligeuza gauni, akalivaa, mishono ikabaki nje.

"Kwani nje ni wapi, we mtoto? Nje ni kwenye lesi!"

Akacheka, akatoka hivyohivyo mbele za watu.

Alinifariji au alinitania? Zuhura anasema alinifariji. Mimi mpaka leo sielewi. Ila baada ya Idi aliniletea kitambaa kingine, akasema, "Haya, shona."

Mwalimu wako naye akikupa kitambaa kingine, kishone, hata kama bado anacheka.

Ni mimi bibi yako, nikukumbukaye.