Jibini ya Dokta Mutasim

Hanadi, acha unachofanya. Acha, nakwambia!

Unamkumbuka Dokta Mutasim? Yule aliyeniambia, mimi mtu wa maabara, mbele ya wodi nzima, "Kazi yako kuosha chupa, si kutibu."

Sasa sikiliza. Mzee Dhiyab, mlinzi wetu, kalazwa. Homa inapanda na kushuka, jasho la kulowesha godoro, kiuno hakinyooki. Dokta kashikilia lake: taifodi. Nilipomwuliza mzee kama alikula jibini mbichi, akaitikia; Dokta akacheka. "Binti, hapa si jikoni kwa mama yako."

Damu ya mzee ikakaa maabara, kwenye chupa ya kuoteshea vijidudu, siku tano bila kuota kitu. Dokta akaniamuru niitupe. Nikaificha.

Leo, siku ya tisa, IMEOTA! Vijidudu vidogo kama vumbi. Brusela, shoga! Ugonjwa wa maziwa yasiyochemshwa.

Nikamrudia mzee: jibini ulipewa na nani? Akanong'ona, "Binti, nitamwumbuaje aliyenipa zawadi?"

Hanadi, zawadi ya jibini hapa hutoka kwa mmoja tu: ni ile ya kondoo wa mama yake Dokta, huko Mafraq! Ile Dokta anayotugawia kila msimu wa kondoo kuzaa, akijisifu haijaguswa na moto! Yangu niliichemsha kwenye maji ya chumvi, kama tufanyavyo jikoni kwa mama yangu.

Bado napiga muhuri majibu, akaingia Dokta mwenyewe. Kashika kiuno, jasho linamtiririka. "Dada yangu, hebu nipime damu."

Dada yangu!

Nikamwambia, "Pole, Dokta. Kaa hapo, nimalize kwanza kuosha chupa."