Chupa Uliyoiandika Sifuri

Maparoni
Jumapili baada ya adhuhuri, mwezi wa tatu

Mwalimu Edina,

Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini mkono wangu umekataa kuanza bila salamu. Shikamoo. Leo nitakwambia yote, hata yale ambayo sijamwambia mtu, kwa sababu wewe ndiye uliyetufundisha kwamba anayeficha kipimo kibaya anaharibu na vile vizuri.

Mpunga wetu umekufa, Mwalimu. Mimi ndiye niliyeuua. Na watu walipokulaumu wewe, nilinyamaza.

Habari zako tulizipata mstarini, shule ilipofunguliwa. Mkuu wa shule alisema uliugua ukiwa likizo kwenu Njombe, ukazikwa huko huko. Kisha akasoma zamu za usafi, na mimi zamu yangu ilikuwa maabara. Niliingia na fagio nikaukuta Ulimi, kile kipimo chetu, pale pale ulipouacha, ndani ya boksi la viatu juu ya kabati, na chupa yako ya maji ya mvua pembeni. Nilifagia sehemu moja mpaka kengele ikalia.

Unakumbuka siku tuliyoutengeneza? Ulipasua betri mbili kuukuu za tochi, ukatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni, tukavichomeka kwenye kifuniko cha kopo, viachane upana wa vidole viwili. Waya mmoja ukaenda kwenye betri nzima, wa pili kwenye ile mita ya mshale uliyopewa na fundi redio wa Kibiti. Ulituambia maji yakiwa na chumvi hupitisha umeme zaidi, na mshale hupanda zaidi. "Someni upesi," ulisema, "kabla vijiti havijatoa povu, maana povu linapotosha." Mtu mmoja nyuma akauliza hicho ni chombo gani sasa, mbona kama takataka. Ukamjibu: "Huu ni ulimi. Tofauti na wa kwako, huu haudanganyi kwa adabu."

Nyuma ya mshale tulibandika karatasi yenye mistari miwili. Wa kijani ulikuwa wa maji ya mvua matupu, yale ya kwenye chupa uliyoiandika SIFURI kwa kalamu nene. Mwekundu ulikuwa wa dumu la lita tatu la maji ya mvua lililotiwa kijiko kimoja cha chumvi, maana kuanzia hapo miche ya mpunga tuliyoijaribu kwenye makopo ilianza kufa. Mwaka jana uliupeleka Ulimi shambani kwa Mama, ukapima majaruba yote ya mpunga, ukamwambia, "Mama Somoe, subiri siku tisa." Akasubiri. Bi Mwanaidi, jirani yetu wa shamba, alikucheka kwamba mtu wa milimani anakuja kutufundisha maji. Lakini naye alisubiri, kimyakimya. Sote tulivuna.

Kwa hiyo mwaka huu walipokuja kuniita, walikuja kwa sababu yako. Bamvua la mwezi wa kwanza, yale maji makuu ya bahari, lilikuwa limepanda kupita mikoko mpaka kwenye majaruba, halafu mto ukaleta maji ya bara. Kila mtu alitaka kujua kama chumvi imeshaoshwa. Miche ilikuwa imerefuka kitaluni, haingoji. Mama akasema, "Somoe anajua. Mwalimu alimwachia kazi."

Mwalimu, betri ilikuwa imekwisha nguvu. Nikaweka mpya, mshale ukaruka, na ile karatasi yetu ikawa haina maana tena. Ilibidi nichore mistari upya. Nikachukua chupa ya SIFURI, nikakuta imebaki tone. Mvua haikuwapo. Wiki tatu mbingu nyeupe. Watu walikuwa wamesimama wananingoja, na nilipenda kungojwa. Hilo nalo nalisema, kwa kuwa niliahidi yote.

Nikaijaza chupa yako kisimani.

Ni kisima chetu cha maji matamu, Mwalimu. Tangu nizaliwe kinaitwa hivyo. Watu huja na mitumbwi kutoka vijiji vya jirani kuchota pale. Haikunijia akilini hata kidogo kwamba nafanya kosa. Nikachora mstari wa kijani kwa maji ya kisima. Nikatia kijiko cha chumvi kwenye maji hayo hayo ya kisima, nikachora mwekundu. Nikapima shamba la Mama, la Bi Mwanaidi na mashamba ya wengine wawili. Mshale ukakaribia mwekundu, haukuufikia. Nikasema kwa sauti yako, ile ya darasani: "Pandeni."

Siku ya sita ncha za majani zilikuwa za njano. Siku ya kumi zilikuwa kama zimepitiwa na moto, na udongo wa kingo za jaruba umetoa unga mweupe. Mama aling'oa mche mmoja, akautazama mzizi, akaurudisha taratibu kama anayemfunika mtoto. Bora angenigombeza.

Aliyesema ni Bi Mwanaidi. Alisimama juu ya kingo, khanga kiunoni. "Marehemu, Mungu amrehemu, alituachia mashine mbovu. Ulimi wa betri. Kwani sisi wa nyama ulitutoka?" Wenzake wakacheka kicheko cha watu waliopoteza. Na mimi, Mwalimu, nilikuwa pale nimeshika boksi lako, nikainamisha kichwa kama vile ni kweli. Ilikuwa rahisi. Wewe haupo. Wewe hukunijia usiku wala mchana kunidai.

Sasa sikiliza nilivyolijua kosa. Wiki iliyopita alikuja nesi mpya wa zahanati, naye ni wa bara kama wewe. Mama akamkaribisha chai. Akanywa funda moja, akakiweka kikombe chini, akauliza kwa aibu, "Samahani Mama, kwenu chai mnatia chumvi?"

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuona wewe kwenye mkeka ule ule, siku yako ya kwanza kututembelea, ukiuliza neno kwa neno vile vile. Tulikucheka wiki nzima. Bi Mwanaidi akawa akikuona njiani anakuita "Mwalimu Chumvi," nawe unaitika.

Niliinuka nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa chini. Hakuna aliyewahi kutia chumvi kwenye chai yetu.

Mvua ilinyesha Alhamisi. Nilifanya ulivyotufundisha. Niliacha ya kwanza ioshe hewa, kisha nikatega sufuria safi uwanjani, mbali na bati. Nikaijaza chupa yako. Nikachora karatasi mpya kabisa. Halafu nikapima kisima. Mshale ulipanda mpaka katikati ya kijani na mwekundu, Mwalimu. Katikati! Nikapima tena, nikafuta vijiti, nikapima tena. Nikaenda shambani. Shamba limevuka mwekundu hadi leo.

Ulimi haukuwa mbovu. Niliuanzishia hesabu juu ya chumvi, nao ukahesabu kwa uaminifu kutoka pale nilipouweka.

Juzi nilimwambia Mama. Nilimweleza mpaka mwisho, naye alikuwa anapepeta mchele, ungo haukusimama. Nikampa kikombe cha maji ya mvua aonje, halafu cha kisima. Akaonja ya mvua, akakunja uso. "Haya hayana ladha." Akaonja ya kisima. "Haya ndiyo maji." Akayaonja tena ya mvua. Ungo ukasimama. Akasema, "Kumbe ladha yenyewe ndiyo hiyo." Akaniambia niende kwa Bi Mwanaidi mwenyewe, hatanisemea.

Sijaenda. Nimefika kwenye ua wake mara mbili nikarudi. Na sasa muda umekwisha, kwa sababu kesho asubuhi wanapanda tena. Bi Mwanaidi ameyaonja maji ya shamba kwa kinywa chake na kusema yameshakuwa matamu. Miche aliyonayo ndiyo ya mwisho, ameiotesha kwa mbegu iliyokuwa ya kula. Ikifa hii hakuna nyingine, si kwake, si kwetu, kwa maana Mama amechanganya mbegu yake kitaluni humo humo. Ninachotakiwa kuwaambia ni mambo matatu ambayo hakuna anayetaka kuyasikia. Kwamba kosa la kwanza lilikuwa langu, si la marehemu. Kwamba na wao sasa wanakosea. Na kwamba kisima cha babu zetu kina chumvi. Mtoto wa kidato cha tatu, aliyekwisha kuwaulia shamba mara moja. Kwa nini wanisikilize? Ningekuwa mimi nisingenisikiliza.

Lakini Mama alisimamisha ungo. Hilo nalishika. Alikuwa mtu mmoja, kwa vikombe viwili.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Kesho, kabla hawajaingia majarubani, nitakuwa nimesimama pale kwenye kingo na vikombe na chupa yako. Nitaanza na jina lako. Nitasema mashine ya Mwalimu Edina ilikuwa nzima, mkono wangu ndio uliopotosha. Watanitukana, nitatulia mpaka waishe. Kisha nitawaomba waonje mvua kwanza, halafu kisima, halafu shamba, kwa mpangilio huo. Wakikataa kuonja, sijui. Hapo sina la kufanya isipokuwa kukaa pembeni na kuwatazama wanapanda.

Lala salama huko kwenu kwenye baridi. Mimi ni Mwislamu, nawe ulikuwa na kanisa lako, sijui dua zetu hukutana wapi, lakini kila baada ya sala nakutaja. Barua hii naiweka ndani ya boksi, chini ya mita.

Nina swali moja, nalo nahitaji jibu lake kabla ya kesho, kwa sababu Bi Mwanaidi ataniuliza mtu anawezaje kunywa chumvi asiisikie, na kama hata wewe ulifika huko basi nitajua namna ya kumwambia bila kumdharau. Siku ya mwisho ulipokunywa chai kwetu, kabla ya likizo, ulimaliza vikombe viwili ukaomba cha tatu. Ulikuwa bado unaisikia ile chumvi, Mwalimu, au ulikuwa umeshazoea kama sisi?

Mwanafunzi wako,
Somoe