Fulana Juu ya Sare

Zaïtoun, acha unalofanya huko Nosy Be unisikilize. Mama katoka sasa hivi kwenye uzinduzi wa umeme wa sola hapa kijijini Boanamary, kakasirika kweli.

Si unajua wanawake wenyewe ndio waliobeba mchanga na nguzo? Na kwa ajili ya leo wakashona na sare, kama ya arusi.

Bwana wa mradi, wale waliofadhili, anafika na fulana zenye nembo yao. “Vaeni juu ya hizo nguo, picha ipendeze.”

Ipendeze!! Juu ya sare!!

Mama kamuuliza, “Wewe ukialikwa arusini, unamvalisha bibi arusi nguo zako?” Jamaa anacheka tu. Wanawake wenzake Mama wakavaa. Mama hakuvaa.

Fulana yake kaja nayo mkononi. Sasa Mama yuko juu ya ngazi anapangusa vumbi kwenye paneli ya sola ya nyumbani. Kwa fulana ile ile ya mradi.